Go kwa anayeanza: hesabu pumzi kabla ya kuweka kete

Mtu aliyezoea drafti akikaa mbele ya ubao wa Go kwa mara ya kwanza, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye chumba, katikati ya mraba. Hapo ndipo pa kuanza kumrekebisha. Katika Go vyumba havina kazi. Kete huwekwa kwenye njiapanda, pale mstari wa wima unapokutana na wa mlalo, na njiapanda za ukingoni pamoja na kona zenyewe ni halali kama nyingine. Jambo la pili humshangaza zaidi mcheza bao: kete ikishawekwa haisogei tena. Hakuna kuitembeza, hakuna kusambaza, hakuna kuifikisha mwisho ikawa kingi. Inakaa pale pale mpaka mchezo uishe, au mpaka iliwe na kuondolewa.

Mchezo huu ulianzia China zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Wachina wanauita weiqi, yaani mchezo wa kuzingira. Wakorea wanauita baduk. Wajapani wanasema igo, na huko ndiko lilikotoka jina fupi la Go. Sheria zake ni chache. Anayeelewa namua na mtaji, zile hatua mbili za bao la kiswahili, ameshabeba kichwani sheria nyingi kuliko zote zilizomo humu. Wawili wanacheza kwa zamu, nyeusi inaanza, na kila zamu ni kete moja. Mwisho anashinda aliyemiliki sehemu kubwa ya ubao. Kinachobaki karibu chote ni hesabu ya pumzi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu pumzi.

Ubao na kete

Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, njiapanda 361. Usianzie huko. Anzia kwenye ubao wa mistari 9 kwa 9, wenye njiapanda 81. Mchezo wa ubao mdogo huisha ndani ya dakika 15 hadi 20, na kosa lolote linajibiwa papo hapo. Kwenye ubao mkubwa unaweza kukosea mwanzoni ukaja kulipia baada ya saa nzima, wakati huo hata hukumbuki ulikosea wapi.

Ubao wa kununua si lazima. Chukua manila au kipande cha plaiwudi. Kama utatumia vizibo vya soda, acha sentimita 3.5 kati ya mstari na mstari: kizibo kina upana wa karibu sentimita 3.2, kwa hiyo ukiacha 3 tu vitapandana. Mistari 9 ina nafasi 8 kati yake, maana yake uwanja wa sentimita 28. Ongeza 2.5 kila upande, kwa sababu kete ya ukingoni nusu yake hutokeza nje ya mstari. Kata basi mraba wa sentimita 33. Ukitumia vifungo vya shati au maharage, karatasi ya A4 inatosha kwa nafasi ya sentimita 2.2.

Kete za kutosha ni 41 nyeusi na 40 nyeupe. Vizibo unaweza kuvitumia kama kwenye drafti, vya mmoja chali na vya mwingine kifudifudi, ila kizibo kikigongwa kikapinduka kimeshahamia timu nyingine, na ubishi wake hauishi. Heri kuvipaka rangi. Komwe za bao hazifai: zina rangi moja, na kwenye ubao tambarare zinaviringika.

Ipe mistari majina ili tuelewane. Ya wima, kutoka kushoto, ni A, B, C, D, E, F, G, H, J. Herufi I inarukwa ili isichanganywe na 1. Ya mlalo inahesabiwa 1 hadi 9 kutoka chini. Weka vitone kwenye C3, G3, C7, G7 na E5. Havina nguvu yoyote, vinasaidia jicho tu.

Pumzi

Weka kete moja nyeusi E5, katikati kabisa. Njiapanda nne tupu zinaigusa kwa mistari: D5, F5, E4 na E6. Hizo ndizo pumzi zake. Neno la Kichina kwa jambo hili ni qi, ambalo ni pumzi kweli, kwa hiyo Kiswahili hapa hakijakopa kwa mbali. Kete iliyoko ukingoni ina pumzi tatu. Iliyoko kona ina mbili. Mshazari hauhesabiwi: D4 haiigusi E5.

Kete mbili za rangi moja zilizo jirani kwenye mstari mmoja zinakuwa mwili mmoja na kuchangia pumzi. Weka nyingine F5, sasa kundi lina pumzi sita. Tatu zilizonyooka zina nane. Zinaishi pamoja na kufa pamoja. Huwezi kula moja ukaacha mwenzake.

Adui akiziba pumzi ya mwisho, kundi lote linaondolewa ubaoni. Kula kete iliyoko E5 peke yake kunahitaji kete nne kuizunguka. Ikiwa imebakiwa na pumzi moja, tunasema iko atari. Neno ni la Kijapani, lakini Mswahili atalisikia kama hatari, na hatakuwa amekosea sana.

Utaratibu wa kula unachanganya wengi, basi ushike hivi. Ukishaweka kete, kwanza unaondoa kete za adui zilizokosa pumzi, halafu ndipo unaangalia zako. Kwa hiyo unaweza kuingia mahali pasipo na pumzi hata moja, mradi kuingia kwako kunaua kitu na nafasi inafunguka. Kama hakuui chochote, huruhusiwi kuweka: ni kujinyonga, na sheria nyingi zinakataza.

Kabla ya mchezo kamili, cheza wa kula tu. Weka nyeusi E5 na D4, nyeupe D5 na E4, nyeusi ianze, na atakayekula kete ya kwanza ameshinda. Mchezo mmoja unachukua dakika tatu au nne. Cheza kama kumi hivi. Katika ile mitano ya mwanzo utashangaa jinsi kete zako zinavyoliwa huku unaziangalia: ulikuwa unatazama unachotaka kukamata, hukutazama pumzi zako. Dawa ni moja, nayo inachosha: kabla ya kila zamu, gusa kwa jicho kila kundi lililogusana na kete aliyoweka mwenzako na uhesabu. Lenye pumzi mbili liwe na alama kichwani mwako. Lenye moja lijibiwe sasa, ama kwa kuliokoa au kwa kuliacha ukijua unaliacha.

Kuunga na kukata

Kete mbili za mshazari, tuseme D4 na E5, hazijaungana lakini si rahisi kuzitenganisha. Kuna njia mbili za kuziunga, D5 na E4. Adui akichukua moja, wewe chukua nyingine. Kwa hiyo haina haja kuziunga mapema. Ukifanya hivyo umepoteza zamu. Hali inabadilika adui akiwa tayari ameshika moja kati ya hizo. Hapo iliyobaki ni mahali pa kukata, na aliye na zamu ndiye mwenyewe.

Wanaoanza huwa na makosa mawili yanayopingana: wengine wanaunga kila kitu kwa woga, mstari mrefu mnene usiolinda chochote, na wengine wanaacha matundu matatu kwa wakati mmoja wakidhani watayaziba baadaye. Kati ya hao wawili, wa pili anajifunza haraka zaidi.

Ngazi

Hii ichezwe kwa mkono, usiisome tu. Weka nyeupe C3, na nyeusi B3, C2 na D2. Zamu ni ya nyeusi.

Nyeusi C4, nyeupe iko atari. Inakimbia D3, sasa ina pumzi mbili, E3 na D4. Nyeusi E3, atari tena. Nyeupe D4, nyeusi D5. Nyeupe E4, nyeusi F4. Nyeupe E5, nyeusi E6. Nyeupe F5, nyeusi G5. Nyeupe F6, nyeusi F7. Nyeupe G6, nyeusi H6. Nyeupe G7, nyeusi G8. Nyeupe H7, nyeusi J7. Nyeupe H8, nyeusi H9. Nyeupe J8, na hapo ukuta umefika. Nyeusi J9, kete 12 zinaondoka.

Angalia umbo lililobaki, limepanda kama ngazi kutoka kona hadi kona. Kila hatua nyeupe ilipata pumzi mbili na kila hatua nyeusi ilichukua moja. Kama nyeupe ingeiacha ile kete ya kwanza, ingepoteza moja badala ya 12.

Rudia kila kitu, lakini safari hii weka nyeupe moja ya ziada G7 kabla ya kuanza. Mambo yanakwenda vile vile mpaka nyeupe inapofika G6. Pale inaungana na G7 na ghafla ina pumzi tatu: H6, H7 na G8. Ngazi imevunjika. Nyeusi sasa ina kete zilizosambaa pande zote mbili, zimekatika kila mahali, na nyeupe itaanza kuzitia atari mbilimbili kwa kete moja. Kwa hiyo kabla ya kuanzisha ngazi, au kabla ya kuikimbia, fuata kwa jicho njia ya mshazari mpaka ukingoni. Ukikuta kete ya mkimbiaji njiani, usianzishe. Ukikuta ya mfukuzaji, usikimbie.

Kosa jingine la ngazi ni kukosea upande. Nyeupe ilipofika E4 pumzi zake zilikuwa F4 na E5. Nyeusi ikicheza E5 badala ya F4, nyeupe inatoka F4 na kupata pumzi tatu, na msako umeisha. Atari sahihi ni ile inayomwacha akimbilie mahali ambapo tayari una kete ya kumbana.

Pale ngazi isipofaa, jaribu wavu. Nyeupe E5, nyeusi D5, D6, E4 na F4. Badala ya kuigusa, nyeusi inaweka F6, kwa mshazari. Nyeupe ikitoka E6, nyeusi inaziba E7. Ikigeukia F5, nyeusi inaziba G5, na kete tatu zimekwenda. Ikianza na F5 ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Wavu hauulizi nani yuko kona ya mbali, ndiyo maana mara nyingi ni bora kuliko ngazi hata pale ngazi inapofanya kazi.

Ko

Kuna hali ambayo mnaweza kulana kete moja moja hadi asubuhi. Weka nyeusi C5, D4, D6 na nyeupe D5, E4, E6, F5. Nyeusi inaingia E5 na kula D5. Bila sheria, nyeupe ingerudi D5 na kula E5, kisha nyeusi tena, bila mwisho. Sheria ya ko inasema: hairuhusiwi kuurudisha ubao katika sura uliyokuwa nayo mara moja kabla. Nyeupe lazima icheze kwanza kwingine. Mjanja atacheza mahali panapotishia kitu kikubwa. Nyeusi ikijibu tishio, nyeupe inarudi kula ko, na sasa ni zamu ya nyeusi kutafuta tishio. Nyeusi ikiona ko ni kubwa kuliko tishio, inaunga pale D5 na kukubali hasara ya kule.

Katika wiki za mwanzo ijue sheria tu. Vita vya ko vitakufuata vyenyewe.

Macho mawili

Hapa ndipo mchezo unapogeuka kutoka kulana kuwa kitu kingine. Weka nyeusi A2, B2, C2, D2, D1 na B1. Zunguka kwa nyeupe: A3, B3, C3, D3, E2, E1. Kundi jeusi limebaki na pumzi mbili tu, A1 na C1, tena zimetengana. Nyeupe haiwezi kuingia A1, kwa sababu haina pumzi pale na haiui kitu maana C1 bado iko wazi. Haiwezi kuingia C1 kwa sababu hiyo hiyo. Ingehitaji kuziba yote mawili kwa zamu moja, na zamu moja ni kete moja. Kundi hili haliliwi milele. Matundu hayo tunayaita macho, na kundi lenye macho mawili linaishi.

Kinyume chake, kundi lililozingirwa lisiloweza kupata macho mawili limekufa hata kama halijaliwa. Huna haja ya kulimaliza. Mwisho wa mchezo litaondolewa. Kulizunguka na kuziba pumzi moja moja ni kupoteza zamu ambazo mwenzako anazitumia kwingine.

Sasa toa ile nyeusi ya B2 na uweke nyeupe mahali pake. A1 bado inafanana na jicho, lakini A2 na B1 hazijaungana tena. Nyeupe ikiingia A1, kete ya A2 imekosa pumzi na inaondoka. Hilo ni jicho la uongo. Kulitambua angalia njiapanda za mshazari zinazozunguka tundu: katikati ya ubao unahitaji tatu kati ya nne, ukingoni zote mbili, kona ile moja iliyopo.

Maumbo machache ya kukariri, kwa sababu yanatokea kila siku. Nafasi tatu za mstari ndani ya kundi: anayetangulia kuchukua ya kati ndiye mwenye uamuzi, mwenyewe akiichukua anaishi, adui akiichukua linakufa. Nafasi nne za mstari zinaishi bila kuguswa. Adui akichukua moja ya kati, wewe chukua ya kati nyingine. Nafasi nne zilizokaa mraba, mbili juu na mbili chini, zimekufa hata ukitangulia wewe, na hili huwaumiza watu kwa sababu mraba unaonekana mkubwa. Kwa kete zilizopangwa mstari wa pili kutoka ukingoni, mbali na kona: sita zinakufa, nane zinaishi, saba ni za mwenye zamu.

Kosa baya kuliko yote ya anayeanza liko hapa: kuziba jicho lake mwenyewe. Anaona tundu ndani ya kundi lake, anaona halina kete, anaweka. Kundi lililokuwa hai limekufa kwa mkono wa mwenyewe. Ukihisi hamu ya kujaza ndani ya eneo lako, simama uulize ni adui gani aliyetishia.

Pa kuanzia kwenye ubao mtupu

Kuzingira nafasi tisa, tatu kwa tatu, kwenye kona kunataka kete 6. Ukingoni kunataka 9. Katikati 12. Hesabu hiyo ndiyo sababu ya msemo wa wachezaji kwamba kona kwanza, kisha ukingo, kisha katikati. Kwenye ubao wa 9 kwa 9 katikati iko karibu na kila kona, kwa hiyo kuanza na E5 ni sawa, na kwa anayeanza ni rahisi kwa sababu kete hiyo inasaidia popote vita vitakapozuka. Ukipenda kona, D4 au D3 zinafaa. Usicheze mstari wa kwanza wala wa pili mwanzoni: kete inafanya kazi ndogo na pumzi ni chache.

Kwenye ubao mkubwa mstari wa tatu hupata eneo na wa nne hupata nguvu ya kwenda katikati. Machi 2016 huko Seoul, programu ya kompyuta ya AlphaGo ilipomshinda Lee Sedol, bingwa wa Korea, michezo 4 kwa 1, kete yake ya 37 katika mchezo wa pili iliwekwa mstari wa tano na kuwaduwaza mabingwa waliokuwa wakitangaza. Ni mchezo mzuri wa kutazama. Kuuiga katika mwezi wa kwanza ni kujitafutia kichapo.

Kufunga mchezo na kuhesabu

Mchezo unaisha pande zote mbili zikiacha zamu mfululizo. Kujua lini ni lini hasa ni mtihani, na wengi huacha mapema mno. Kabla ya kuacha zamu, pitisha kidole juu ya mpaka wote kati ya nyeusi na nyeupe. Kidole kikipenya mahali bila kukutana na kete, pana tundu, na aliye na zamu atapita hapo. Njiapanda zisizo za mtu, zilizobaki kati ya kuta mbili, jazeni kwa zamu.

Kuna hesabu mbili. Ya Kijapani inahesabu eneo tupu na mateka, yaani kete za adui ulizokula, na kete unayoweka ndani ya eneo lako inakupunguzia pointi. Ya Kichina inahesabu kete zako zilizo hai pamoja na nafasi tupu ulizozingira, mateka hawahesabiwi. Anayeanza atumie ya Kichina. Sababu ni ubishi: mmoja akisema kundi limekufa na mwingine akisema liko hai, endeleeni kucheza mpaka liliwe au lishindikane. Kucheza ndani ya eneo lako hakukugharimu kitu. Kwa hesabu ya Kijapani kila kete ya kuthibitisha ingekula pointi yako.

Ondoeni zilizokufa, kisha hesabu upande mmoja tu. Njiapanda zote ni 81, kwa hiyo nyeusi ikiwa na 44, nyeupe ina 37. Kwa kuwa nyeusi inaanza na hiyo ni faida, nyeupe hupewa fidia iitwayo komi. Kwenye ubao kamili ni 6.5 kwa kawaida ya Japani na Korea, 7.5 China, hiyo nusu ipo ili kusiwe na sare. Kwenye ubao mdogo kubalianeni kabla ya kuanza. Mkitumia 5.5, mfano huo unatoa 44 kwa 42.5, nyeusi imeshinda. Ingekuwa na 43 ingeshindwa kwa nusu pointi.

Mazoezi

Mpinzani asipopatikana mtaani, tovuti ya Online-Go ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari cha simu na ina ubao wa 9 kwa 9. Ina pia michezo ya polepole ambapo kila zamu inapewa siku moja au zaidi. Inafaa kwa mtu ambaye bando lake halitabiriki, na inakulazimisha kuhesabu badala ya kukimbilia. Kwenye simu ndogo kidole huteleza njiapanda moja pembeni, na kete iliyoteleza inaweza kuua kundi. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuthibitisha kete kabla haijawekwa, uiwashe.

Pamoja na michezo, fanya mafumbo ya uhai na kifo, yale ya hatua moja hadi tatu, kama kumi kwa siku. Usiweke kete ya kwanza mpaka uone jibu la adui na jibu lako baada yake. Anayebahatisha mafumbo hamsini hajajifunza kitu. Mwenye matano aliyoyaona mpaka mwisho amepiga hatua.

Baada ya kushindwa, rudi nyuma kwenye mchezo na utafute kete moja tu: ile ambayo kabla yake kundi lako kubwa lilikuwa hai na baada yake likawa limekufa. KataGo, programu ya bure, itakuonyesha hata makosa thelathini, kila moja na asilimia ya nafasi ya kushinda uliyopoteza. Haikuambii sababu, na mengi kati ya hayo bado hayakuhusu.

Madaraja ya wachezaji yanaanzia takribani kyu 30, namba ikishuka kadiri unavyoimarika hadi kyu 1, kisha yanapanda kutoka dan 1. Ukikutana na mwenye nguvu zaidi, omba kete za kuanzia: kwenye ubao wa 19 tofauti ya daraja moja ni kama kete moja, hadi tisa, na zinawekwa kwenye vitone kabla nyeupe haijacheza. Kwenye ubao wa 9 kete mbili hadi nne ni nyingi sana, maana kila moja ina uzito mkubwa. Akikushinda hata ukiwa na nne, mwombe mcheze tena ule wa kula kete ya kwanza. Ubao wa 13 uufungue pale unapomaliza michezo mitano mfululizo bila kundi lako kuliwa kwa atari ambayo hukuiona.